Anakula Njugu?

Jerop akimwona mtoto anapandishwa gari bila kula, hukasirika kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Nimekaa jirani naye miaka kumi na moja kwenye steji ya magari ya Nakuru hapa Eldoret, yeye akiuza uji, mimi nikiuza soksi na kofia za watoto, na sijaona mzazi mwenye kitoto mgongoni akimpita bila kuhojiwa. Amekula saa ngapi? Umebeba nini? Hiyo chupa umeiosha kwa maji moto, ama umeisuuza tu kwa mfereji? Wageni humwona ana kiherehere. Mimi pia nilimwona hivyo zamani. Siku hizi naona ana haki, ila simwambii, kwa sababu akisifiwa kichwa chake kitavimba na sina kofia ya saizi hiyo.

Vyombo vyake ni thermos nne kubwa ndani ya kreti ya soda, zimefunikwa blanketi kuukuu, na ndoo ya maji yaliyochemshwa. Unga husagisha mwenyewe, wimbi na mtama na soya kidogo. Ana sheria zake za safari, na akina mama wa Kesses na Kapsoya wanazijua kama wanavyojua amri za kanisani. Mtoto hulishwa gari likiwa limesimama, na acheue kabisa kabla dereva hajawasha. Asijazwe tumbo, maana barabara ya kupandia Timboroa ina kona na baridi, na kilichoingia kwa fujo kitatoka kwa fujo. Uji wa njiani uwe mwepesi, na chupa ifungwe kwa leso ikae tumboni pa mama, si kwenye begi. Ndizi ibebwe na ganda lake. Na kikombe cha kwanza ni cha bure, kinywewe pale pale mbele yake, aone mtoto anameza vizuri.

Kikombe hicho cha bure ndicho kilichomletea taabu ninayotaka kuisimulia.

Miaka sita iliyopita, asubuhi moja ya Agosti, alifika nyanya mmoja mwenye kitambaa cha kichwa cheupe, amembeba msichana wa mwaka mmoja na miezi mitatu. Alikuwa amekuja kumchukua kwa binti yake Kapsoya, ampeleke Ol Kalou akae naye kidogo, ili binti arudi kazini. Mimi ndiye niliyemwuzia mtoto kofia ya kijani ya sufu. Mtoto aliivuta mpaka machoni, akacheka peke yake gizani mle. Kisha Jerop akawanyakua.

Wakati huo alikuwa akichanganya karanga zilizosagwa katika uji wote, kwa sababu unashibisha na watu wanaupenda. Lakini hakuwahi kumpa mtoto bila kuuliza. Hapa Eldoret karanga tunaziita njugu, Mkalenjin, Mjaluo, Mluhya, sote. Kwa hiyo aliuliza kama alivyouliza siku zote.

"Shosho, huyu anakula njugu?"

"Njugu?" Nyanya alicheka. "Hiyo ndio chakula yake! Tangu nifike kwao, kila siku nampondea."

Kiprop, dereva, alikuwa tayari amelala kwenye honi. Mtoto akanywa kikombe chote, akataka kula na kikombe chenyewe. Jerop akajaza chupa, akaifunga kwa leso ya nyanya, akawasukuma ndani. Gari likiondoka, nyanya alikishika kile kimkono akakipunga dirishani kutuaga.

Siku mbili baadaye Kiprop alikuja kunywa uji, na huku akipuliza uji wa moto kikombeni akasema, "Yule mtoto wa kofia ya kijani alifura uso tukifika Burnt Forest. Macho ilifunga. Pumzi ilikuwa inatoka na filimbi."

"Halafu?" Jerop aliuliza.

"Halafu nikawashusha kwa kliniki."

"Halafu, Kiprop?"

"Halafu nini, Mama Uji? Si nilikuwa na abiria wengine."

Jerop alikaa chini pale pale kwenye lami, katikati ya mikokoteni, na hakuinuka mpaka nilipomshika kwapa.

Jumapili tulikwenda Burnt Forest, sisi wawili. Nesi tuliyemkuta alisema mtoto alidungwa sindano akawekwa kwenye ambulensi, na aliyekuwa zamu siku hiyo amehamishwa. Ambulensi ilikwenda wapi, hakujua. Jerop akamwuliza, "Alikuwa anapumua?" Nesi akasema, "Mama, mimi sikuwa hapa." Tulirudi Eldoret, na Jerop alikuwa ameshaamua moyoni kwamba mtoto amekufa.

Tangu siku hiyo yule mtoto hakuondoka steji. Sijui niseme vipi tena. Kila Jerop alipofungua kizibo cha thermos, mvuke ulitoka na mlio mwembamba kama filimbi ile, na yeye anageuka ghafla kutazama nyuma, uso umebadilika rangi. Saa tatu asubuhi, na jua limewaka, na watu wanagombania viti. Aliniuliza mara ngapi, "Aketch, umesikia?" Nami nilimjibu vibaya, nakiri. Nilimwambia ni mvuke, aache ujinga. Lakini siku moja nilikuwa peke yangu kwenye vyombo vyake, nikafungua kizibo mimi mwenyewe, nikasikia pumzi ya mtoto inayopita kwenye koo lililoziba. Nilifunga upesi nikarudi kwa soksi zangu. Sikumwambia.

Kile kikombe alichonywea mtoto hakukitumia tena, na kukitupa alishindwa. Alikitundika nyumbani kwake Langas kwenye msumari karibu na mlango, na mumewe Gideon alipokiondoa siku moja, Jerop alilia mpaka kikarudishwa. Na mtoto akaendelea kukua. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Wengine wafu wao hubaki walivyokuwa, lakini wa Jerop aliongezeka mwaka kwa mwaka. "Sasa angekuwa anatembea vizuri." "Sasa angekuwa nasari." Januari moja nilimkuta amesimama mbele ya duka la yunifomu, ameshika sketi ndogo ya darasa la kwanza, anaipima kwa kiganja. Muuzaji akamwuliza mtoto wake ana kiuno gani. Jerop akasema hajui, akaiacha.

Lililomla zaidi lilikuwa lile swali. "Niliuliza, Aketch. Si ulinisikia nikiuliza?" Nilisikia. "Na akasema anakula." Alisema. "Basi mbona?" Mwisho alianza kuamini kwamba hakuuliza, kwamba honi ya Kiprop ilimharakisha, na mimi namfariji tu kwa uongo. Aliondoa karanga katika uji wa watoto. Alibakiza thermos moja ya watu wazima yenye karanga, akaifunga utepe mwekundu, na kando yake akaweka kijagi cha kioo kilichojaa karanga nzima. Kila mteja, awe mtoto, awe mzee asiye na jino, huonyeshwa kijagi kile kabla ya kumiminiwa. Vijana wa steji walimcheka, wakampa jina la Daktari. Hakujali.

Mwaka huu mwezi wa Mei, asubuhi ya Jumamosi yenye mvua nyepesi, mama mmoja mzee alikuja na begi lake, akaketi kwenye benchi la Jerop. Kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa amepungua sana, na sisi hatukumtambua. Aliomba uji, akasema ametoka kwa binti yake bila chai.

"Gani hiyo, Shosho? Binti anakuachilia na baridi hii bila chai?" Jerop alianza, kama kawaida yake ya kuingia nyumba za watu.

"Tulikosana," mzee alisema. "Amejifungua mtoto mwingine. Nilishika chupa nimpee maziwa, akaninyang'anya kwa mkono. Mbele ya watoto."

Jerop akatikisa kichwa, akachukua thermos ya utepe mwekundu, akamsogezea kijagi. "Pole, Mama. Hii iko na njugu. Unakula njugu?"

Mzee akainama, akatazama ndani ya kile kioo. "Njugu iko wapi?"

"Si hizi?"

"Hizo si njugu," mzee akasema, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto. "Hizo ni karanga. Njugu ni zile za kuchemsha, tunapondea watoto na viazi. Nyinyi mnaita mbaazi."

Nilikuwa nimeshika kofia nazipanga. Niliona mkono wa Jerop umesimama hewani na kikombe, na uji unamwagika polepole juu ya blanketi, na yeye haoni. Mimi nilimtazama yule mzee usoni, kisha kitambaani, nikamtambua.

"Shosho," Jerop alisema. Sauti haikuwa yake. "Ulipita hapa na mtoto. Kofia ya kijani."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Jina lake ni Virginia Mwihaki, na yule msichana ni Mwihaki pia, kwa sababu kwao binti wa pili hupewa jina la nyanya mzaa mama. Alituambia haya dakika chache baadaye, akilia. Alituambia kwamba binti yake, Nyokabi, alikuwa amemwonya siku ile ile wakiagana, karanga mtoto asiguse, alishawahi kutokwa na vipele kwa sababu ya biskuti. Hospitalini daktari alipouliza nani kampa mtoto karanga, alisema hakuna, amekunywa uji tu. Nani angekumbuka swali la mbaazi? Nyokabi hakumwamini. Alisema mama yake amemdharau, kisha akamdanganya mbele ya daktari. Tangu hapo, miaka sita, nyanya haruhusiwi kumpa mjukuu hata maji. Akija kuwaona hushuka gari njiani kabla ya kufika mjini, asiione steji hii. Leo alitoka kwa hasira, hakuwa na nguvu za kutembea mbali.

Lakini hayo yote yalikuja baadaye kidogo. Wakati ule Jerop alikuwa na neno moja tu.

"Mtoto," alisema. "Huyo mtoto."

"Mwihaki? Yuko darasa la kwanza," mzee akajibu. "Jana amenisomea kitabu."

Kapsoya. Dakika kumi na tano kwa bodaboda. Miaka sita Jerop amemlea maiti, na maiti yuko Kapsoya anasoma kitabu.

Nilidhani atashukuru Mungu, apige vigelegele, afanye chochote. Alikiweka tu kikombe chini. Kisha mzee alipokwisha kutusimulia, nikaona woga unampanda, woga mpya, na nikauelewa, kwa kuwa hata mimi ulinishika. Aliyeteseka alikuwa ameketi mbele yetu, na kulikuwa na njia moja tu ya kumtoa lawamani, Jerop akiri kwa Nyokabi. Jerop angeweza kumpa uji, akamwambia pole, akamwacha apande gari. Hakuna aliyekuwa akimdai jina lake. Steji ina masikio mengi, na habari ya uji ulioziba koo la mtoto haiuzi uji.

Kiprop akapiga honi. Gari la Nakuru lilikuwa limejaa.

"Ngoja!" Jerop akafoka bila kugeuka, na Kiprop, ambaye hangoji mtu, akaondoa mkono kwenye honi.

"Shosho, pigia Nyokabi."

"Hatashika."

"Piga."

Simu ya mzee ni ya vibonyezo, na spika yake haizimiki, kwa hiyo nilisikia yote. Iliita mara nyingi. Jerop aliipokea kwa mikono miwili, akaishika mbali kidogo na uso. Midomo yake ilikuwa ikijaribu maneno, nikajua anatafuta namna ya kumwanza mama aliyekasirika.

Aliyeshika hakuwa mama.

"Shosho!" ilisema sauti ndogo, safi, isiyo na filimbi hata kidogo. "Umefika?"

Jerop alifumba macho. Machozi yalimtoka bila kelele, yakamfika kidevuni, na yeye hakuyafuta. Nilidhani atakata simu. Nilitaka kumpokonya niseme mimi.

"Si shosho," alisema mwishowe. "Umekula?"

"Nimekula mkate. Wewe ni nani?"

"Ni mtu wa uji. Wa steji." Akavuta pumzi. "Ulikuwa mdogo, ukakunywa uji yangu. Ilikuwa na karanga. Ni mimi nilikupa, si shosho. Shosho hakujua. Umesikia? Ita mama, nimwambie mwenyewe."

Mzee Virginia alikuwa ameshika ukingo wa kreti kwa vidole vyote. Kisha tukasikia simu ikigonga meza, na miguu ikikimbia juu ya saruji, tap tap tap, mlango ukafunguliwa, na ile sauti ikipaa kwa nguvu zote za kifua kizima.

"Mum! Si shosho! Mum, kuja, wanasema si shosho!"