Uvimbe Usiouma

Mama yangu alikuwa mwoga wa vitu vingi. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa hata mpiga picha. Ndiyo maana nikisimulia alichokifanya ile miaka Katanga ilipojitangaza kuwa nchi, watoto wangu wanadhani natia chumvi.

Alikuwa akioga nyuma ya nyumba yetu hapa Lubumbashi, mkono wake ukakutana na kitu kigumu ndani ya titi la kushoto, kama punje ya hindi. Akamwambia mama mkwe wake, yaani nkambo yetu mzaa baba. Familia yetu ilitoka Maniema, na mwili wa kila mwanamke nyumbani ulikuwa chini ya mamlaka ya nkambo. Yeye ndiye aliyewakanda wanawake waliojifungua mtaa mzima kwa maji ya moto, na hakuna aliyembishia.

“Ni maziba tu inaganda mule,” alisema, yaani maziwa. “Nitakukanda, itayeyuka.”

“Mama, mutoto wa mwisho alishaacha kunyonya tangu kitambo.”

“Maziba inabakiaka.”

Basi akakandwa. Nililala chumba kimoja na wanawake, kwa hiyo niliona yote. Alikandwa mpaka ngozi ikababuka, na uvimbe ukabaki pale pale, mgeni asiyejua kuaga.

Mama akamwambia baba kwamba anakwenda hospitali. Baba, muuza vitambaa, mtu mpole, alimsihi asubiri kidogo. Ng’ambo ya reli risasi zilikuwa zinalia, na ndege zilipita chini tukajibanza chini ya meza. Isitoshe, alisema, uvimbe wenyewe haumuumi.

“Njo maana naiogopa,” mama akajibu. “Kama ingeniuma, ningekuwa nilishaenda. Mama yangu alikufaka na kidonda ya ziba, hapa mu kifua. Aliifichaka chini ya bitambaa, mpaka arufu njo ilitwambia. Vita yao, bantu banaweza kuisimamisha. Hii ya mu mwili yangu, nani ataisimamisha?”

Wakaenda kwa miguu, baba akitangulia na foronya nyeupe juu ya fimbo. Walipokaribia reli alisimama, akaanza kurudi nyuma. Mama akamnyang’anya fimbo, akatangulia yeye, akapita mbele ya askari bila kugeuza shingo. Baba mwenyewe alipenda kulisimulia hilo, na hakuwahi kuona aibu.

Daktari alimwambia kwamba wengi humjia titi limeshapasuka, naye hana tena la kuwafanyia. Uvimbe wake ulikuwa bado mdogo. Wakamkata titi zima. Kuwahi kule ndiko kulikompa miaka iliyomfikisha kwenye harusi zetu, lakini siku aliporudi, kifua kimeinama upande mmoja, niliichukia dunia nzima.

Alipopata nguvu, wanawake wa ukoo walikuja kumpa pole, wakajaa kwenye mikeka. Walitaja ugonjwa kwa kuzungukazunguka, kama desturi. Mama aliwasikiliza, kisha akafungua kitenge chake hadi kiunoni. Kwetu mkwe haonyeshi hata goti mbele ya mama mkwe.

“Angalieni,” alisema. “Kila mwezi, mukimaliza damu, mujiguse namna hii, pole pole, mpaka mu kwapa. Mukikuta kitu, musiikande. Muende kwa munganga wa hospitali, hata kama haiume.”

Wengine walitazama chini. Mimi nilimtazama yeye tu, nikajua sijawahi kumwona mtu shujaa kuliko huyu. Halafu nkambo akainuka, nikaogopa. Neno moja kutoka kwake lingetosha kumwaibisha mama mbele ya ukoo wote, na hakuna ambaye angemfuata tena.

Nkambo alivuka mkeka polepole, akaketi mbele ya mkwe wake, akaanza kufungua kitambaa chake mwenyewe.

“Anza na miye,” akasema.