Picha ya Yatima Mwenye Mama

Ilianza Jumamosi, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, gari la misheni liliposimama katikati ya migomba yetu hapa Kanazi. Saa naijua kwa sababu Tata, yaani baba yangu, alikuwa ametoka kuitia ufunguo saa ya ukutani, na alitaka mgeni aingie wakati inagonga.

Mgeni alikuwa mama wa Kizungu aliyetumwa na wafadhili wa kwao Ulaya. Upepo wa ziwa ulikuwa umeng'oa paa la bweni letu, na sisi wasichana wa darasa la tisa tulikuwa tunalala madarasani, madawati yamerundikwa ukutani. Mama huyu angepiga picha, zingeonyeshwa makanisani kwao, watu wangetoa, bweni lingeezekwa. Mwalimu mkuu alinichagua mimi kwa kuwa kwetu ni karibu na barabara na Kiingereza changu ni kizuri kwenye karatasi. Mdomoni ni habari nyingine. Nikitazamwa na watu watatu, hata jina langu hulitafuta.

Tulikuwa tumejiandaa. Tata alivaa kanzu na koti. Mama alishona gauni la kitambaa cha maua kutoka duka la Mhindi mjini Bukoba. Majani mabichi yalitandazwa sebuleni. Mgeni alitutazama kama mtu aliyekwenda msibani akakuta harusi.

"Hata Muleba jana ilikuwa hivi hivi," alimwambia dereva. "Kila mtu na koti lake."

Tukamwamkia. Kwetu mwanamke humwamkia mgeni kwa kupiga magoti, ndiyo heshima. Mama, Bibi mzaa baba na mimi tukashuka. Hapo hapo kamera ikalia.

"Vizuri sana," akasema. "Mikono mbele kidogo, kama mnapokea kitu."

Nikatafsiri. Bibi akauliza, "Anatupa nini?"

Mama akamletea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, maana mgeni wa heshima hupewa hizo kabla ya maneno mengine. Mgeni akachukua punje moja, akaitazama kiganjani kwa huruma.

"Maskini. Hiki ndicho chakula chenu cha asubuhi?"

Kuku na ndizi vilikuwa vinachemka jikoni, harufu imejaa ua mzima. Nadhani pua yake haikuja kazini.

Nyumba yetu ya bati haikumpendeza. Alizunguka nyuma, akaona banda la mbuzi, uso ukamng'aa. Akanivua viatu. Tata akaombwa asogee, kisha asogee zaidi, mpaka akawa ndani na saa yake. Halafu mgeni akauliza kama hatuna ile nguo ya asili, ya magome ya mti.

Nikamtafsiria Bibi. "Lubugo? Ipo. Ni yangu."

Lubugo siku hizi hakuna anayeivaa hapa. Ni nguo ya kumfungia maiti, na Bibi alikuwa amejiwekea ya kwake sandukuni, nzuri, laini. "Mwambie hiyo ina siku yake," akasema. Nikamwambia, naye akasema ni kwa ajili ya bweni. Bibi akafikiri. "Kama ni kwa paa la mtoto, ianikwe aitazame. Kuvaa, hapana." Akarudi jikoni kwa kuku wake.

Basi lubugo ikaning'inizwa mbele ya banda, nami nikakalishwa chini yake, miguu mitupu. Kamera yenyewe ni ya kuinamia, unatazama ndani kwa juu. Ndipo jirani mmoja aliyekuwa anapita na mtungi wa maji akaona mambo haya: lubugo ya Bibi iko nje, mjukuu amekaa chini bila viatu, gari la misheni liko uani, na Mzungu ameinamisha kichwa. Alitua mtungi, akapiga yowe.

Haikuchukua muda. Walikuja wakilia kutoka kila upande wa migomba, wanawake wameshika vichwa, wanaume na mikungu ya ndizi ya rambirambi mabegani. Mgeni hakuuliza wanalia nini. Alizunguka kama nyuki, kamera inalia nayo.

"Ni njaa," nilimsikia akimwambia dereva. Na mikungu ile yote mbele yake.

Bibi akatoka jikoni na mwiko. "Nani amekufa?"

Rafiki yake wa tangu usichana akajibu, "Wewe."

"Mimi napika."

"Basi tumelia bure?"

"Kuku yupo, kaeni."

"Ningejua utafufuka," rafiki yake akasema akipangusa macho, "ningeleta mkungu mdogo."

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mgeni akaniomba niwaambie wasicheke, mwanga ulikuwa bado mzuri. Halafu akanivuta kando na kunisomea, kwa sauti ya upole, maneno yatakayokwenda na picha yangu: msichana huyu hana baba wala mama, hulala na mbuzi.

"Ninaye mama," nikasema. Sauti ilitoka nusu. "Yule pale, anagawa ndizi."

"Najua, mwanangu. Lakini watu hawatoi kwa mtoto mwenye mama. Unataka paa, hutaki?"

Nilitaka paa. Akasema atarudi kesho mapema, apige tena ile ya magoti.

Jioni tukiosha vyombo nilimsimulia Mama, nikidhani atacheka kama alivyocheka mchana. Hakucheka.

"Mama yangu alikufa nikiwa mdogo kuliko wewe," akasema. "Neno yatima nililivaa mwenyewe, nalijua linavyobana. Usilivae kwa ajili ya bati."

Asubuhi ya Jumapili gari likarudi. Nilikuwa nimevaa sare na viatu, Mama yuko kando yangu. Mgeni akainamia kamera, akatungoja tushuke. Nikamwamkia nimesimama.

"Huyu ndiye mama yangu," nikasema kwa Kiingereza. "Picha ya yatima usiipeleke. Kama ni bweni, twende ulipige picha. Halina paa kweli."

"Paa lisilokuwepo halimlizi mtu," akasema.

Mama akauliza amesemaje. Nikamwambia.

"Mwambie alale humo siku ya mvua."

Nikalitafsiri hilo pia, neno kwa neno. Dereva akageuka kutazama migomba, mabega yanamcheza. Mgeni alimtazama Mama, gauni la maua mpaka viatu, kwa mara ya kwanza nadhani. Kisha akasema ya yatima ataiacha, lakini ile ya watu wanaolia ataipeleka, ni nzuri mno kuitupa. Nikatafsiri na hilo.

"Aipeleke," Bibi akasema toka jikoni. "Nimeliliwa vizuri."

Nikapanda gari, nikamwonyesha dereva njia ya shule. Mgeni alipoinamia kamera mbele ya bweni, nilisogea pembeni nisiingie kwenye picha.