Mama Wino, printa na gauni la bibi harusi

Saa mbili asubuhi, dukani kwake, Mama Wino ameinamia karatasi iliyotoka kwenye printa ikiwa bado na joto. Mkononi ana rula. Mbele yake amesimama fundi cherehani, mteja wake wa siku nyingi, mkoba wa kitambaa kaubana kwapani.

"Usikate," Mama Wino anasema.

"Shoga, si tumeiona sawa kwenye kompyuta?"

"Macho yameona sawa. Rula imekataa."

Karatasi za mchoro wa gauni huunganishwa kwa gundi, zikatandazwa juu ya kitambaa, kisha fundi akakata gauni kwa kuzifuata. Pembeni pana kisanduku cha kupimia. Kimeandikwa sentimita tano. Rula inasoma nne nukta nane. Kidogo hicho, ukikizungusha kiuno kizima, zipu haifungi.

Na bibi harusi ni binti wa fundi mwenyewe. Kitambaa ni kimoja tu, alichoachiwa binti huyo na marehemu bibi yake. Madukani hakipo tena.

"Kwa hiyo mwanangu angeshika pumzi mpaka wageni waondoke?" fundi anauliza. "Printa yako mwizi!"

"Mwoga, si mwizi. Akiona mchoro umesogea ukingoni, anaupunguza wote ili uenee."

Mama Wino alianza kazi kwa taipureta, kando ya ukuta wa jengo la ofisi, kiti chake ndoo iliyopinduliwa. "Ile ukigonga herufi, unaiona hapo hapo," anasema. "Hizi za sasa zinakuonyesha hivi, zinatoa vile." Mwaka wa kwanza wa kompyuta aliharibu karatasi nyingi hadi mumewe akawa anawashia jiko barua za watu. Hapo ndipo alipojiwekea sharti: hakuna kazi inayotoka dukani kabla ya ukurasa mmoja kupimwa.

Kwenye kompyuta anaondoa alama ya kuenezea ukurasa, anaweka ukubwa wa asilimia mia. Kisanduku kinatoka sentimita tano kamili. Lakini mstari wa mkono wa gauni umeliwa ukingoni.

"Sasa umemkata mkono!"

"Tulia, mama mkwe."

Anatia karatasi kubwa zaidi, na kompyuta nayo anaiambia hivyo. Wengi, anasema, hubadilisha karatasi wakasahau kuiarifu kompyuta.

Safari hii mistari yote ipo. Fundi havutwi na maneno. Anavua futi yake shingoni, anapima kisanduku mwenyewe, anarudia: tano kamili. Kisha anapiga kigelegele kilichomtoa kinyozi wa jirani nje, mashine ikinguruma mkononi na mteja wake kaachwa kanyolewa nusu kichwa.

"Hilo gauni litamkaa!" fundi anasema. "Jumamosi ndiyo harusi; funga duka, uje."

Mama Wino anakusanya karatasi, anazipanga kwa mfuatano. Siku moja anataka kununua printa ya karatasi pana za kuviringishwa, mchoro wa gauni utoke mzima, mafundi wa mtaa mzima waachane na gundi. Tayari watatu wamemwahidi kazi.

"Lakini kwanza Jumamosi," anasema. "Nataka nimwone yule mtoto akiketi, akila, akicheka mpaka machozi, na gauni lisilalamike."