Somo la stratégie lilivyoingia katika posa ya mjukuu wangu

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi, komini (mtaa) iitwayo Kenya. Mimi sikusoma hata siku moja. Anayeandika ni mjukuu wangu Patrick, nami nimemwonya asipunguze neno, hasa yale yanayomhusu. Nisemayo ni kweli tupu.

Patrick anasoma uchumi chuo kikuu. Hufundishwa jinsi watu wanavyoviziana katika mapatano: nani anatamani, nani anajificha. Somo hilo la stratégie, la mbinu, wanaliita "jeu". Yaani mchezo, na mtihani wanafanya.

Siku moja wazazi wa mchumba wa Mujinga (kwetu ni jina, si tusi), dada yake Patrick, walikuja kuposa. Walitoka Kilwa ya huku kwetu, si ile ya pwani, vumbi mpaka kwenye kope.

Kwetu mgeni wa posa hafungui kinywa. Mwenye nyumba ndiye huuliza, "Mumeleta neno gani?" Hapo ndipo mshenga wao hujibu.

Patrick, anayeniita Kambo kama wajukuu wote wa huku, akaninong'oneza: "Kambo, usiulize. Mwenye kusema wa kwanza anapoteza. Baache banyamaze mpaka bachoke."

Nikakubali. Kunyamaza na kukunja uso nimekufanya maisha yangu yote. Sikujua kuwa ni sayansi.

Tukanyamaza. Nao wakanyamaza, kwa heshima. Bukari, ugali wetu, ukapoa. Mmoja wao alipokohoa, Patrick alinikonyeza: wanalegea!

Hatimaye mshenga akachukua kofia yake. Mgeni asiyeulizwa amekwisha kukataliwa. Wakainuka wote.

"Kambo, usitikisike! Ni bluff, banatutisha tu!"

Walikuwa wamefika langoni Mujinga alipotoka jikoni mbio, mwiko mkononi.

"Batata, baba zangu, mumeleta neno gani? Kama bale ndani banakosa kinywa, miye iko nauliza!"

Binti kujiulizia posa yake mwenyewe! Mama wa kijana akacheka hadi akashika ukuta. "Huyu anapenda mutoto yetu kabisa!" Wakarudi kuketi.

Baada ya hapo ningeshindania nini? Kila walichoomba, tulikubali. Patrick, bila haya, akasema: "Kambo, tumefika équilibre, mizani iko sawa."

Funzo langu ni hili: mvizie unayetaka aondoke. Unayetaka abaki, muulize habari zake mapema.

Sasa ni zamu ya kumposea Patrick mwenyewe. Amepiga magoti: "Kambo, nakulomba, tukifika tu, sema."

Nimemjibu kwamba huko sisi ndio wageni, tutangoja kuulizwa. Tena nasikia kaka wa binti tunayemwendea anasoma auditoire moja naye, ukumbi uleule wa somo la jeu.

Wakuu, mwenye ushauri asimfiche. Kijana hapati usingizi.