Sukari Niliyoitia Kwenye Mkate wa Baba

Usiku ule Baba aliingia jikoni kwa miguu yake yote miwili, na mimi nilikuwa nimesahau kabisa kwamba tulishamzika.

Kabla sijasema alichonifuatia, inanibidi niseme kwanza nilichokifanya.

Baba alikuwa fundi cherehani hapa kwetu Tukuyu. Alishona sare za shule na magauni ya kwaya, na katika harusi nyingi za mtaani kwetu bwana harusi alivaa suti aliyoishona yeye. Kisukari kilimwanzia machoni. Alikuwa akiniita kwa jina langu kutoka barazani, "Tumpe, njoo unitungie uzi," nami naacha ninachofanya na kwenda kumtungia. Daktari alipotuita sote watatu, Baba, Mama na mimi, alisema chai isitiwe sukari, wali upungue, na maandazi yakome.

Mama ndiye aliyekuja na wazo la matunda. Nyuma ya nyumba alikuwa na migomba ya ndizi kisukari, zile fupi tamu. Alimuuliza nesi wa kliniki, akajibiwa kwamba kipande kimoja kidogo cha mkate wa ndizi hakina neno, mradi unga uwe wa ngano isiyokobolewa na sukari isiongezwe. Mama alirudi amechangamka kama aliyepewa dawa mkononi. Kuoka akaniachia mimi. Naponda ndizi zilizoiva mpaka ganda limeingia madoa meusi, natia mayai, kijiko cha mafuta, mdalasini, unga na beking pauda, kisha nabandika sufuria na kupalia makaa juu ya kifuniko.

Mkate ulitoka mweusi na mzito. Baba aliuma mara moja, akausogeza pembeni.

"Nipeni chakula cha watu," alisema.

Nilioka tena keshokutwa yake, na tena. Nilijaribu papai, nikajaribu kukuna karoti ndani. Hakula. Alikuwa anapungua, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola, na Mama anamtazama tu huku anapangusa meza ambayo si chafu. Siku moja Mama akiwa gulioni nilichukua kikombe cha sukari nikakimimina kwenye bakuli. Sikufikiri sana. Nilitaka kumwona anakula.

Alikula vipande vitatu. Akajilamba vidole, akatusimulia habari za bwana harusi mmoja aliyenenepa kati ya kupimwa na kuvaa suti, na Mama akacheka mpaka akashika ubavu. "Umeona ndizi zangu?" aliniambia. "Nilikwambia atazizoea." Nikasema ndiyo, Mama.

Basi ikawa hivyo. Kila mkate, kikombe.

Kule kliniki kipimo kilipanda. Nesi aliuliza Baba anakula nini, na Mama akajibu kwa fahari, "Mkate wa ndizi tupu. Binti yangu huyu ndiye anayeoka." Nesi akanitazama. Nikatazama viatu vyangu. Alisema basi tupunguze ndizi, na Mama akapunguza, nami nikaongeza sukari ili utamu usipotee. Kisha kidonda kikatokea kwenye kisigino. Kikagoma kupona. Wakamkata mguu, na wiki ya pili baada ya hapo tukamleta nyumbani ndani ya sanduku.

Baada ya matanga Mama alichukua panga akaikata migomba yote. Nilimkuta amekaa katikati ya mashina, utomvu umemkauka mikononi. "Nilimlisha sumu mwenyewe," alisema. "Ndizi kisukari. Jina lake tu lingenitosha kujua." Nilikuwa na nafasi ya kusema pale. Nilimshika mkono nikamwingiza ndani, nikamnawisha.

Haukupita muda naye akaambiwa sukari yake imeanza kupanda. Toka hapo akaanza kuogopa kula. Matunda hayagusi. Maharage anasema yana utamu. Anakula matonge mawili ya ugali na mboga za majani zilizochemshwa bila chochote, na zikibaki anazimwaga kabla sijambembeleza. Nikimpikia ananiuliza, "Una hakika na hiki?" Khanga yake sasa inamzunguka mara mbili.

Ndivyo tulivyokuwa Baba alipokuja.

Alikuwa amevaa shati lake la kazini, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Nje ya dirisha migomba ilikuwa imesimama, majani yanang'aa kwa mvua. Hakunisalimia. Alivuta kigoda, akakaa pale alipopenda kukaa akisubiri chai.

"Nipikie ule mkate," akasema.

Nilifurahi, kwa sababu nilijua safari hii nitaupika sawasawa. Nikamenya ndizi nikaponda. Nikafungua kopo la unga, nikakuta sukari. Nikalifunika nikafungua la pili, sukari. Nafungua mfuko, nafungua chungu cha maji, nafungua mpaka kabati la nguo, na kila ninapoingiza mkono nasikia chembechembe zinateleza kati ya vidole. Baba ananitazama bila hasira. Namwambia, "Ngoja, Baba, unga upo, niliununua mwenyewe." Sakafu inanata chini ya nyayo zangu.

Halafu si jikoni tena. Tupo barazani kwenye cherehani, na mkate umeshaiva, uko juu ya meza ya cherehani mahali pa kitambaa, unatoa moshi. Baba anatunga uzi kwenye sindano. Anautunga mara moja, bila kuulamba, bila kuinua sindano kwenye mwanga. Naona macho yake ni mazima na nataka kulia, lakini mkono wangu tayari unamkatia kipande.

Hakipokei.

"Nilijua," anasema.

"Ulijua nini, Baba?"

"Macho ndiyo yalikuwa yamekufa. Ulimi ulikuwa mzima."

Nikabaki na kipande mkononi. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema, kwa nini hakukataa hata mara moja. Akafikiri muda mrefu, kama alivyokuwa akifikiri mteja akimuuliza nguo itakuwa tayari lini.

"Nilikuwa naitaka," akasema. "Nawe ulikuwa unafurahi nikila."

Nikapiga magoti. Sasa baraza ni ule ukumbi wa kliniki, benchi refu, na watu wote wamegeukia ukutani. Kwenye ncha ya benchi amekaa Mama. Amekuwa mdogo kama mtoto wa darasa la kwanza, miguu haifiki sakafuni, na mapajani ameweka bakuli tupu. Namwita, hasikii. Baba ananyanyuka, anaivua futi shingoni mwake na kwenda kumpima Mama: bega, kiuno, urefu. Anapima kama anavyopimwa mtu wa kushonewa nguo ya mwisho. Ninajua anachokipima na siwezi kukisema.

"Yuko njiani anakuja," Baba ananiambia. "Njaa ndiyo inamleta. Sijamwita mimi."

"Nifanye nini?"

"Umwambie."

"Akinichukia?"

Alikunja futi polepole, akaitia mfukoni. Nikamuuliza tena jambo lingine, lile nililotaka kumuuliza tangu siku ya mazishi. Nikasema, "Baba, wewe umenisamehe?" Alikuwa ameshageuka. Naona mgongo wa shati lake, mshono ulionyooka wa mkono wake mwenyewe, unaenda, unaenda kati ya mabenchi, na nyayo zake zote mbili zinasikika sakafuni. Hakugeuka.

Niliamka mdomo umekauka. Kulikuwa kumekucha. Mvua inanyesha, na jikoni nasikia Mama anakwangua sufuria.

Nilikwenda kama nilivyo, bila kunawa. Alikuwa amechuchumaa karibu na jiko la mkaa, amechemsha majani yake, na mifupa ya mabega imechomoza kwenye blauzi. Nilikaa chini sakafuni ili nisimwambie nikiwa nimesimama.

"Mama, si ndizi zako zilizompandishia Baba. Nilikuwa natia sukari kwenye mkate. Kikombe kizima. Mwishoni zaidi ya kikombe."

Aliendelea kukwangua. Nikadhani hakusikia, nikafungua mdomo nirudie, akainua mkono kuninyamazisha.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile alipokula vipande vitatu."

Aliweka mwiko chini. "Siku ile nilicheka," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Ukanikuta nimekata migomba yangu."

"Ndiyo."

"Ukaninawisha mikono."

Nilitaka kumwambia kwamba Baba mwenyewe alijua, kwamba amekuja, kwamba amenituma. Lakini nilimwona alivyokuwa amejishika tumbo kwa mikono miwili, nikaona hayo yatakuwa kama kumtupia marehemu mzigo wangu. Nikasema tu lile lililobaki, la njaa yake. Nikasema, "Kula, Mama. Nakuomba ule. Hukumuua mtu."

"Toka kwanza," alisema. Sauti yake haikupanda. "Toka, mwanangu. Sitaki kukuona sasa hivi."

Nilitoka nikasimama uani, mvua inaninyeshea. Nilingoja aite. Mlango wa jikoni ulifungwa kwa ndani, polepole, nikasikia komeo linaingia mahali pake. Kisha nikamsikia anamwita Baba kwa jina lake la ujana, jina ambalo sijawahi kumsikia akilitaja mbele yangu. Alilitaja mara nyingi. Hakuniita mimi hata mara moja.