Kimo cha Nigina

Fundi cherehani wa mtaa wetu hapa Khujand huongea akiwa na pini mdomoni, na bado utani wake husikika hadi kwenye tanuri la mikate. Kila Nairuzi, sikukuu yetu ya mwaka mpya, hushona gauni la hariri kwa kimo ambacho binti yake Nigina, aliyefariki kwa homa akiwa darasa la kwanza, angekuwa amefikia, kisha humpa msichana mmoja wa mtaa wetu. Kabla ya kukata kitambaa, lazima abishane na mkewe.

"Angefika hapa," husema, akijigusa begani.

"Hapo ni kwenu, wafupi nyie. Mwanangu angefuata kwetu."

Sisi majirani hucheka, na mke ndiye hushinda.

Mwaka huu alishona gauni la bibi harusi, akampa Savsan, aliyekuwa akikaa dawati moja na Nigina na sasa anaolewa. Savsan alipolivaa, mikono ya gauni ilimfunika vidole na pindo likalala sakafuni. Fundi akapiga magoti na mkasi wake, kisha akabaki hapo bila kukata.

"Usikate, baba," Savsan akamwambia taratibu. "Likunje tu kwa ndani. Nigina alikuwa ananipita kimo tangu darasani."

"Umesikia, mzee?" mkewe akasema, akipiga magoti upande wa pili.

"Nimesikia. Leta sindano, mshindi."

Wakalikunja pamoja huku wakigombea uzi na kucheka, na kitambaa chote kikabaki humo ndani.