Santuri Zilizododa

Pata, pata, pata. Ni sauti ya katambuga za matairi zinazoondoka. Zamoyoni aliisikia Jumamosi moja ya mwaka 1969, na tangu hapo, kila kimya kilipotanda, ilimrudia sikioni kama deni la mtu asiyesahau.

Siku hiyo bomba la spika juu ya paa la duka la Velji, pale Ngokolo, lilikuwa linatoa wimbo wa Zamoyoni mwenyewe. Kazi yake ndiyo hiyo: kupiga santuri ili wapita njia wavutike waje kununua, na kati ya wimbo na wimbo kusoma kadi za salamu kwa sauti laini kama uji wa mtoto. Sauti hiyo ndiyo iliyomponza. Watu walimsifu mpaka akapanda basi kwenda Nairobi, akarekodi wimbo mmoja, "Serafina, Shuka". Humo kijana anakimbia kando ya baiskeli ya muuguzi kwenye barabara ya Kolandoto, anamsihi ashuke wazungumze. Mpiga tarumbeta alishikwa na kwikwi tangu mwanzo, na fundi mitambo, aliyekuwa na njaa, akasema kwikwi inaongeza ladha. Iliongeza urefu tu. Santuri ilijaa kabla ya ubeti wa mwisho, wimbo ukakatika Serafina akiwa bado juu ya baiskeli.

Santuri mia tatu zilikuja. Zikauzwa nne. Moja alinunua mama yake, ambaye hakuwa na gramafoni, akaifunikia mtungi wa maji. Nyingine ilirudishwa.

Tangu hapo Zamoyoni hakuimba tena, hata bafuni. Alipiga nyimbo za wenzake miaka kumi na minne, na swali moja akalimeza bila kutafuna: wimbo ulikuwa mbaya kweli, au siku ile watu walikuwa na safari zao?

Mwaka 1983 maduka yalikuwa matupu. Rafu za Velji zilibaki na viberiti, vumbi, na santuri ambazo hakuna aliyewahi kuzitaka. Basi kila Jumamosi alasiri wazee hao wawili walikaa ubarazani, betri ya lori miguuni, wakazipiga hizo hizo na kuwasimulia watu habari zake.

"Hii," Zamoyoni alinguruma kwenye maikrofoni, "ni Twisti ya Jino Bovu. Mwimbaji alikuwa anaumwa kweli. Alipong'olewa jino, kipaji nacho kikatoka."

"Nilinunua hamsini," Velji alidakia. "Zipo hamsini na moja. Sijui moja ilizaliwa lini."

Mchezo ukazaliwa hapo. Usukumani vikundi viwili vya ngoma hupambana uwanjani, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Wao wakaupindua. Walichora mstari wa majivu mbele ya baraza, na yule ambaye santuri yake ingewavusha watu wengi zaidi mstari huo, wakiikimbia, ndiye aliyeshinda. Aliyeshindwa alifagia uwanja, akampelekea maji mbuzi wa Velji aliyefungwa nyuma ya duka.

Zamoyoni alishinda Jumamosi nne mfululizo. Silaha yake ilikuwa kwaya moja iliyoimba juu ya kupanda pamba kwa mistari, ikihesabu sentimita kutoka moja hadi tisini. Hakuna aliyewahi kufika arobaini.

Jumamosi ya tano Velji aliinama chini ya kaunta, akatoa kitu kilichofungwa kwa karatasi ya kaki.

"Zamo, ndugu yangu," alisema bila kumtazama. "Mgongo wangu hauwezi kufagia tena."

Zamoyoni aliitambua kabla haijafunguliwa. "Ulisema zote zililiwa na mchwa."

"Mchwa walibakiza moja."

"Veljibhai, hiyo usiipige."

"Kama ni mbaya, watakimbia, nitapumzika. Kama ni nzuri, watakaa, utakuwa umeshinda. Unaogopa nini?"

Ubarazani aliketi Mama Mwaisha, muuza karanga, ambaye mwaka 1969 ndiye aliyekuwa wa kwanza kuondoka. "Piga, mzee," alisema. "Nina karanga za kukaanga. Nahitaji sababu ya kuinuka."

Sindano ikashuka. Kwikwi. Tarumbeta. Kwikwi. Kisha sauti ya kijana wa zamani ikaanza kumkimbilia Serafina juu ya mapaa ya Ngokolo, na Zamoyoni akainamisha kichwa akitazama kucha zake.

Pata. Mtu wa kwanza akavuka mstari. Pata, pata. Wa pili, wa tatu. Mama Mwaisha akabeba ungo wake. Velji alishaanza kunyoosha miguu, kama mtu aliyeona godoro.

Wakati huo huo vijana watatu wenye vumbi jekundu hadi kwenye kope walikuwa wanapita, wachimbaji wa Rwamgasa waliokuja mjini kutafuta kamba. Mmoja, aliyeitwa Cornel, alisimama ghafla, akaingia uwanjani.

"Shikamooni. Huyo mwimbaji amesema Serafina? Serafina, Shuka?"

"Marahaba," Zamoyoni alijibu. "Unaujua wimbo huu?"

"Sijawahi kuusikia maisha yangu." Cornel akatia mkono kwenye gunia, akatoa bakuli jeusi. Ilikuwa santuri, iliyolainishwa kwa maji ya moto ikakunjwa pembeni, tundu lake limezibwa kwa nta. Katikati karatasi ilisomeka bado: Serafina, Shuka. Zamoyoni.

"Tunaoshea mchanga kuona kama una dhahabu," alieleza. "Ni nyeusi, kwa hiyo chembe hazijifichi, na hii mistari yake inazishika. Kijijini kwetu kila duara, yaani shimo la kuchimbia, lina zamoyoni. Mtu akipotelewa na zamoyoni yake, siku hiyo hafanyi kazi. Mzee, zamoyoni ni nani?"

Waliovuka mstari walirudi mbio waone bakuli la dhahabu. Mama Mwaisha aliwapita wote.

"Veljibhai," Zamoyoni alisema polepole. "Mchwa hao walifikaje Rwamgasa?"

Velji alikohoa kikohozi kirefu. "Nilibadilishana. Na mbuzi."

"Wewe huli nyama."

"Ndiyo maana yuko hai bado."

Miaka miwili Zamoyoni alikuwa amemlisha mbuzi yule maganda ya viazi kutoka nyumbani kwake, bila kujua kwamba anailisha santuri yake. Alitaka kukasirika. Lakini wimbo ulikatika, sindano ikabaki inakwaruza, na uwanja ulikuwa umejaa kuliko Jumamosi yoyote.

"Sasa nitafagia," Velji alilalamika. "Hata walioondoka wamerudi."

"Hawakubaki kwa wimbo," Zamoyoni alisema. "Wamekuja kutazama bakuli."

"Basi rudieni," Cornel alisema. "Tumeusoma miaka miwili. Sasa tuusikie."

Ukapigwa tena. Bakuli lilikuwa limeshazunguka mikononi mwa wote na kurudi guniani, hakukuwa na cha kutazama tena. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Zamoyoni alifumba macho, akasikia katambuga anazozijua zikielekea kwenye majivu. Pata, pata.

Zikanyamaza hapo hapo kwenye mstari.

Alifumbua macho. Wimbo ulikuwa umekatika pale pale pa siku zote. Mama Mwaisha alisimama, ungo kichwani, mguu mmoja ndani ya mstari na mmoja nje, ameudhika kama mtu aliyepokonywa tonge.

"Sasa huyo Serafina," aliuliza, "alishuka au hakushuka?"

Zamoyoni alisogeza maikrofoni pembeni, isije ikaupasha habari mji mzima.

"Hakushuka," alisema kwa sauti ndogo sana. "Alinipakia."